Jinsi ya kukagua nakala ya chapeo ya Kirumi kabla hujalipa

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimeona chapeo ya Kirumi inauzwa mtandaoni. Je, ni sahihi kihistoria?" Linakuja na picha moja tu, imepigwa kwa mbele, kishungi chekundu kimesimama juu. Wanaouliza ni walimu wa historia wanaotaka kitu cha kuonyesha darasani, vikundi vya vijana wa kanisa wanaoandaa igizo la Ijumaa Kuu, na ndugu walioko Ujerumani, Uholanzi au Uingereza ambao wamejiunga na vikundi vya kuigiza maisha ya jeshi la Roma. Kwa picha moja ya mbele siwezi kukujibu, na wala mtu mwingine hawezi. Lakini ukifuata hatua zilizo hapa chini utaweza kujijibu mwenyewe, na utaokoa fedha nyingi.

Shika jambo hili moja kabla ya yote: hakuna kitu kinachoitwa "chapeo ya Kirumi" tu. Askari wa Roma walivaa chapeo za namna nyingi kwa muda wa zaidi ya miaka 700, na chapeo ya askari aliyempigania Julius Caesar haifanani na ya askari wa zama za Konstantino. Nakala nzuri inafuata chapeo fulani iliyochimbuliwa mahali fulani, ambayo ipo kwenye makumbusho hadi leo na unaweza kutazama picha zake. Nakala mbaya haifuati chochote. Fundi amechukua kipande hapa na kipande pale, akaongeza alichokiona kwenye filamu.

Vitu vya kuwa navyo

- Futi kamba ya fundi cherehani, na kalipa kama ile ya maabara ya fizikia kwa kupimia unene wa bamba.
- Mizani ya jikoni inayofika kilo 5.
- Sumaku ndogo. Hata ya spika ya redio iliyokufa inatosha.
- Tochi.
- Simu yenye kamera nzuri.
- Picha za chapeo halisi, zilizopigwa pande zote. Makumbusho mengi yameweka mikusanyo yao mtandaoni bure: British Museum ya London, Rijksmuseum van Oudheden ya Leiden, LVR-LandesMuseum ya Bonn, Israel Museum ya Jerusalem.

Kama chapeo bado iko kwa muuzaji, mwombe picha sita: mbele, nyuma, pembeni, juu, ndani, na bawaba ya kinga ya shavu kwa karibu. Mwombe pia uzito, na unene wa bamba kwa milimita. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatachukia kuulizwa.

Majina ya kujua

Mwaka 1975 H. Russell Robinson, aliyekuwa mtunzaji wa silaha za kinga katika Tower of London, alizipanga chapeo za askari wa miguu katika makundi manne na kuyapa matawi yake herufi. Ndiyo maana utaona muuzaji ameandika "Gallic G" au "Italic D". Makundi yenyewe ni Montefortino, Coolus, Imperial Gallic na Imperial Italic. Wataalamu wa bara la Ulaya wana mpango wao: Coolus nyingi za Kirumi wanaziita Hagenau, na makundi mawili ya mwisho wanayaita kwa pamoja Weisenau, kwa jina la mtaa wa mji wa Mainz. Kwa hiyo usishtuke ukikuta majina mawili kwa chapeo ileile.

Kwa makadirio ya zama: Montefortino ni za karne ya 4 KK hadi mwanzoni mwa karne ya 1 BK. Coolus zilivaliwa sana tangu vita vya Caesar huko Galia hadi katikati ya karne ya 1 BK. Imperial Gallic zinaanza mwishoni mwa karne ya 1 KK na kufika mwanzoni mwa karne ya 2 BK, na Imperial Italic zinaendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 3. Zipo pia Niederbieber, za mwishoni mwa karne ya 2 na karne ya 3, na baada ya hapo, katika karne ya 4 na ya 5, chapeo za mgongo wa katikati kama zile za Intercisa huko Hungaria na Berkasovo huko Serbia. Haya yatakutosha kuanzia.

Hatua ya 1: Uliza, "Hii ni nakala ya chapeo ipi?"

Jibu unalolitaka lina aina, herufi, na mahali ilipookotwa. Kwa mfano: "Imperial Italic G, iliyopatikana pangoni karibu na Hebron." Hapo unaingia mtandaoni, unaiona chapeo yenyewe katika Israel Museum: bakuli (sehemu inayofunika kichwa) la chuma, fito mbili zimepishana juu ya utosi, na mapambo ya aloi ya shaba (shaba iliyochanganywa na madini mengine) yenye umbo la mwezi mwandamo. Inahusishwa na vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, vya mwaka 132 hadi 135 BK. Sasa una kitu cha kulinganisha.

Jibu la "chapeo ya akida", "chapeo ya jemadari" au "chapeo ya gladieta wa Kirumi" ni maneno ya biashara. Halimaanishi kwamba chapeo ni mbovu, lakini linamaanisha kwamba kazi ya kuitambua umeachiwa wewe. Piga picha ya pembeni, uipange kando ya picha za makumbusho, uone inakaribia ipi. Kama haikaribii hata moja, usiendelee na hatua nyingine, umeshapata jibu.

Hatua ya 2: Ipe chapeo mwaka na mahali

Kosa la kawaida kuliko yote si chapeo mbaya. Ni chapeo nzuri iliyowekwa kwenye zama zisizo zake.

Chukua igizo la Ijumaa Kuu, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Pontio Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36 BK. Majeshi aliyokuwa nayo yalikuwa ya askari wasaidizi, wengi wao wakiandikishwa hukohuko, katika miji ya Sebaste na Kaisaria. Lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) ya X Fretensis ilipiga kambi ya kudumu Yerusalemu baadaye, baada ya mji kuangushwa mwaka 70. Kwa hiyo askari wa igizo lako anafaa chapeo ya Coolus, au Imperial Gallic ya mwanzo, isiyo na mapambo mengi. Zile fito mbili zilizopishana juu ya bakuli, ambazo watu wanazipenda kwa sababu zinatisha, zinahusishwa na vita vya Kaisari Trajan dhidi ya Wadakia (watu wa eneo la Rumania ya leo), mwaka 101 hadi 106. Ukimvisha askari wa Pilato fito hizo umempa kitu kilichokuja miaka 70 baadaye.

Andika kwenye karatasi: "Nataka chapeo ya mwaka fulani, mahali fulani, ya askari wa aina fulani." Karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda na maneno ya muuzaji.

Hatua ya 3: Tazama umbo kwa pembeni

Iweke mezani, uitazame kwa ubavu. Hapa ndipo nakala nyingi zinapoanguka, na hapa ndipo usiwe na huruma, kwa sababu umbo la bakuli halirekebishiki.

Montefortino ina bakuli linalopanda kuelekea utosini na kuishia kwenye kifundo kilichotengenezwa pamoja na bakuli lenyewe. Kinga yake ya kisogo ni ndogo, nayo inatokana na bamba lilelile. Coolus ni ya mviringo zaidi, na kinga ya kisogo imetoka nyuma karibu bapa, sawa na ukingo wa bakuli. Imperial Gallic na Italic bakuli lake linashuka nyuma, linafunika kisogo, kisha kinga inatoka kule chini, karibu na shingo. Juu yake kuna mikunjo ya mlalo iliyogongwa kwenye chuma, inayolipa bakuli nguvu nyuma ya kichwa.

Nakala za bei rahisi zina bakuli la duara kamili, kama sufuria iliyopinduliwa, na kinga ya kisogo imebandikwa usawa wa masikio. Ukiona hivyo kwenye chapeo inayoitwa Gallic, iache. Angalia pia ukubwa. Chapeo halisi zilikaa karibu na kichwa, zikiwa na nafasi ya bitana tu. Ikicheza kichwani kiasi cha kuingiza kiganja chote, fundi amelitanua bakuli ili limtoshe mnunuzi yeyote.

*Tahadhari:* Usihukumu umbo kwa kutazama michongo ya mawe peke yake. Nguzo ya Trajan kule Roma, ya mwaka 113, inaonyesha chapeo ndogo ndogo zenye pete utosini, kwa kuwa wachongaji walitaka nyuso za askari zionekane. Nguzo hiyo ni ushahidi wa thamani kubwa kwa mambo mengi. Kwa vipimo vya chapeo, fuata zilizochimbuliwa.

Hatua ya 4: Kinga ya kisogo

Pima upana wake kutoka bakuli hadi ukingoni, ulinganishe na picha. Kanuni ya jumla ni kwamba za mwanzo ni nyembamba na za baadaye ni pana na zimeinama zaidi. Chapeo ya Niedermörmter, ambayo Robinson aliiita Italic H, ina kinga kubwa mno. Ni ya mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa ya 3.

Sasa tafuta vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni mpini mdogo wa kubebea uliofungwa juu ya kinga. Gallic na Italic nyingi zinao. Cha pili ni pete za kufungia kamba chini ya kinga. Kamba zilitoka hapo, zikapita kwenye kinga za mashavu, zikafungwa chini ya kidevu. Chapeo isiyo na pahali pa kupitisha kamba haikutengenezwa na mtu aliyefikiria kwamba itavaliwa.

Hapohapo kwenye kinga ya kisogo ndipo askari wengi walipoandika majina yao, kwa nukta zilizogongwa kwa ncha ya chuma. Moja iliyoko British Museum ina majina ya watu wanne, maana yake ilipita mikononi mwa askari wanne, mmoja baada ya mwingine. Nyingine, ya aloi ya shaba, kutoka Mainz, ina jina la Lucius Lucretius Celer wa lejioni ya I Adiutrix. Ukitaka kuongeza maandishi kwenye nakala yako, basi fuata mtindo huo: nukta, jina la askari, na kikosi. Herufi SPQR (kifupi cha Kilatini cha "Seneti na Watu wa Roma") zilizochongwa kwa madoido kwenye paji la uso ni za wauza zawadi. Sijaona chapeo ya askari wa miguu iliyochimbuliwa ikiwa nazo.

Hatua ya 5: Paji la uso, "nyusi" na masikio

Kuanzia Coolus za Kirumi na kuendelea, mbele ya bakuli kuna upau uliofungwa kwa ribiti mbili, moja kila upande. Kazi yake ni kuzuia pigo la upanga linaloteleza juu ya bakuli lisifike usoni. Lazima utokeze nje. Ukiwa umelala bapa kwenye bakuli, ni urembo tu.

Imperial Gallic ina alama yake ya pekee: jozi ya "nyusi" mbele ya bakuli, zimeinuliwa kutoka kwenye chuma chenyewe. Fundi wa kale alizigonga kutokea ndani. Kwa hiyo fanya hivi: geuza chapeo, washa tochi, pitisha kidole ndani usawa wa nyusi. Unapaswa kuona na kuhisi mabonde yanayofuata mistari ya nje. Ndani kukiwa laini kabisa, basi nyusi zimebandikwa juu au zimechongwa kwa mashine, na hapo ujue aliyeitengeneza aliangalia picha tu. Italic kwa kawaida hazina nyusi hizo. Ukiziona, muuzaji amechanganya majina au fundi amechanganya chapeo.

Kinga za masikio ni vipande vidogo vilivyojipinda juu ya nafasi ya sikio. Coolus nyingi hazina. Gallic na Italic za katikati ya karne ya 1 na kuendelea zinazo.

Hatua ya 6: Kinga za mashavu

Kama una dakika tano tu za kukagua chapeo, zitumie hapa. Mafundi wengi wanalipatia bakuli, wakifika kwenye mashavu wanakata bamba bapa na kulitundika.

Kinga ya shavu ya askari wa miguu ina mambo manne. Kwanza, imepinda kufuata uso. Ukiilaza mezani haigusi meza pande zote. Pili, ukingo wake wa mbele una mikato miwili iliyoingia ndani, mmoja wa jicho na mmoja wa mdomo, ili askari aone na apige kelele. Tatu, ukingo wa nyuma na wa chini umekunjwa kutokeza nje, kulinda shingo na koo. Nne, ni kubwa: zikifungwa, zinakaribiana sana kidevuni, na uso unaobaki wazi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinga ndogo zinazoning'inia kama majani kando ya taya ni kosa.

Fungua na ufunge bawaba. Ya kale ilikuwa vijineli vya bamba vilivyopishana na pini ndefu katikati, imefungwa kwa ribiti kwenye bakuli na kwenye kinga. Bawaba ya mlango wa kabati, au kipande cha ngozi mahali pa bawaba ya chuma, ni dalili ya haraka ya kiwandani.

Vaa chapeo, funga kamba, geuza shingo kushoto na kulia, kisha ongea kwa sauti. Sikio liwe kwenye nafasi yake, chini ya kinga ya sikio. Kinga ya shavu ikilifunika sikio lote, hasa ikiwa na umbo la sikio lililofinyangwa juu yake, una chapeo ya mpanda farasi. Siyo kosa, ila usimpe askari wa miguu.

Hatua ya 7: Madini, uzito na unene

Toa sumaku. Chapeo ikiuzwa kama "shaba halisi" na sumaku ikanata, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na watu wengi hawakifanyi.

Chapeo za kale zilikuwa za chuma, au za shaba iliyochanganywa na bati, au za shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo ni ya njano zaidi. Montefortino na Coolus karibu zote ni za aloi ya shaba. Gallic na Italic nyingi ni za chuma zenye mapambo na kingo za aloi ya shaba, ila zipo za aloi tupu, kama ile ya Lucretius Celer. Chuma cha pua hakikuwepo. Kinang'aa kwa weupe wa vijiko, na hakiwezi kufichwa.

Kwa unene, bakuli halisi nyingi zina kati ya milimita 1 na 1.5, na unene unabadilika kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa sababu ziligongwa kwa nyundo. Uzito wa chapeo nyingi za askari wa miguu ulikuwa kati ya kilo 1 na 2 hivi. Nakala ya kilo 3 inakuambia kwamba bamba lake ni nene mno. Shingo yako itakuambia hivyohivyo baada ya saa moja.

Hatua ya 8: Viungo

Bakuli la Montefortino, Coolus, Gallic au Italic lilitoka kwenye bamba moja. Ndani, tafuta mshono wa kuchomelea unaopita katikati, kutoka paji hadi kisogo. Mafundi wa leo huunganisha nusu mbili kwa kuwa ni rahisi, kisha wanasaga nje pakawa laini na kusahau ndani. Mshono huo kwenye Gallic ni kosa.

Lakini angalia zama! Chapeo za karne ya 4 ziliundwa hasa kwa nusu mbili au zaidi, zikaunganishwa na mgongo wa chuma uliofungwa kwa ribiti. Ile ya Deurne, iliyopatikana mwaka 1910 kwenye udongo wa mboji huko Uholanzi na sasa iko Leiden, ilifunikwa kwa bamba la fedha lililopakwa dhahabu. Na katika kundi hili kinga za mashavu kwa kawaida hazikuwa na bawaba za chuma. Zilishonwa kwenye bitana. Kwa hiyo kinachokuwa kosa kwenye Gallic ndicho kinachotakiwa kwenye Intercisa, na nakala ya Intercisa yenye bawaba za Gallic ina kasoro.

Mengine ni ya kupita haraka. Skrubu, nati, na ribiti za bomba zenye tundu katikati ni za kisasa. Ribiti ziwe ngumu, zimegongwa pande zote mbili.

Hatua ya 9: Kishungi

Kishungi kinadanganya kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu ndicho jicho linakiona kwanza. Kitoe, kiweke kando, kisha angalia kinashikiliwa na nini. Gallic na Italic zilikuwa na kishikizo utosini, kishungi kinaingizwa hapo, na vijiti au ndoano mbele na nyuma za kukifunga. Montefortino kilichomekwa kwenye kifundo. Kishungi kilichofungwa kwa skrubu ya kudumu hakifai: askari hakusafiri na kishungi kimesimama juu kila siku.

Vilitengenezwa kwa singa za farasi au manyoya ya ndege. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 KK, anataja manyoya matatu ya zambarau au meusi, yamesimama wima, urefu wake dhiraa moja hivi. Ule wekundu wa filamu si kanuni. Kishungi cha kukingama, kutoka sikio hadi sikio, kinatajwa na Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, kuwa cha akida, na kinaonekana kwenye jiwe la kaburi la Titus Calidius Severus kutoka Carnuntum, Austria. Basi kwa akida kina msingi. Usiwavishe askari wa kawaida kumi wa igizo lako.

Hatua ya 10: Ndani

Mabaki yanaonyesha kwamba ndani kulikuwa na bitana, ya sufu iliyoshindiliwa, kitambaa au ngozi. Nakala nyingi zinakuja na mikanda ya ngozi iliyokutanishwa kwa kamba utosini. Mtindo huo ni wa kisasa au wa zama nyingine, ingawa hauonekani kwa nje. Sponji la manjano ni bora uling'oe.

Ukikwama

*Muuzaji hataki kutoa picha ya ndani.* Chukulia kwamba kuna mshono na skrubu. Punguza bei unayokubali kulipa, au ondoka.

*Chapeo halisi niliyoipata makumbusho haina kinga za mashavu, lakini nakala inazo.* Ni kawaida. Chapeo nyingi zilipotelewa na mashavu mtoni au ardhini. Fundi mzuri huazima muundo kutoka chapeo nyingine ya kundi na zama zilezile, na atakuambia ameazima wapi.

*Nakala ina ndege tai usoni na nywele zilizofinyangwa.* Linganisha na chapeo za wapanda farasi, hasa za gwaride. Ya Ribchester, iliyookotwa Uingereza mwaka 1796, ina uso mzima wa aloi ya shaba. Hizo zilikuwa za maonyesho ya farasi, na kwa mlinzi wa lango hazifai.

*Ina umbo la Kigiriki, na upau mpana uliochongwa mbele.* Huo ni mtindo wanaouita wa Atika. Umejaa kwenye sanamu za walinzi wa Kaisari na kwenye filamu, lakini zilizochimbuliwa za namna hiyo ni chache mno kwa askari wa miguu. Kwa mtu anayetaka usahihi, siishauri.

*Tayari nimenunua mbaya.* Unaweza kubadili kishungi, bitana, kamba, skrubu kuwa ribiti, na kung'oa SPQR. Unaweza kusugua rangi ya dhahabu hadi chuma kionekane. Mashavu bapa yanaweza kugongwa upya na fundi wa bati mwenye subira, ukimpa picha. Bakuli na kinga ya kisogo iliyokaa vibaya havirekebishiki. Usipoteze fedha hapo.

*Igizo ni wiki mbili zijazo na bajeti ni ndogo.* Tengeneza Coolus za karatasi ngumu zilizopakwa rangi ya shaba iliyofifia, bila kishungi, kwa kufuata picha ya pembeni ya chapeo halisi. Watazamaji wa safu ya tatu wataona umbo sahihi, na utakuwa karibu na Yerusalemu ya mwaka 30 kuliko kikundi kilichonunua shaba za kung'aa.

*Kikundi changu cha Ulaya kinadai bamba la milimita 2, na wewe unasema 1.5 au chini.* Wasikilize wao kama mnapigana kwa silaha butu. Hiyo ni kanuni ya usalama na haihusu historia. Ukiwa na chapeo ya pili ya gwaride na maonyesho ya shule, hiyo ndiyo iwe nyembamba.